Haki ya Pengo

Diski ya kompyuta ina adabu ambayo watu wengi hatuna. Uso wake umegawanywa katika vipande vidogo mno viitwavyo sekta, na kila kimoja huchukua baiti 512, au 4,096 katika diski za siku hizi, pamoja na alama za ukaguzi zilizokokotwa kutokana na maandishi yenyewe. Kichwa kisomapo sekta, alama hizo hupima kilichosomwa. Kosa dogo husahihishwa papo hapo. Kosa likiwa kubwa, diski hurudia kusoma mara nyingi, na mwishowe hukiri ya kuwa imeshindwa. Haibuni neno la kusitiri aibu yake.

Walakini diski hiyo hiyo ina tabia ya pili. Sekta isiyosomeka huwekwa katika orodha ya kungojea. Mtu akiandika kitu kipya juu yake, na ikathibitika ya kuwa kweli imeharibika, diski huchukua sekta ya akiba na kuipa nambari ya ile iliyokufa. Tangu hapo mtumiaji haoni kidonda. Ndiyo sababu wako mafundi ambao wakiletewa diski mgonjwa huijaza sifuri mwanzo hadi mwisho, kisha huirudisha kwa mwenyewe ikiwa haina malalamiko. Diski imepona, kilichokuwa ndani yake kimekwenda. Fundi mwangalifu haandiki chochote juu yake. Hunakili kwanza sehemu nzima na kuacha majeraha kwa mwisho, maana kichwa kikihangaika sana juu ya kidonda, diski nzima yaweza kufa kabla kazi haijaisha. Tena hutunza ramani ya kila mahali palipokataa kusomwa. Programu iitwayo ddrescue hufuata utaratibu huu.

Baada ya ramani hiyo ufundi hauna la kusema tena. Je, pengo lililobaki tulifanyeje?

Mwanafunzi wangu mmoja alirekodi sauti za wazee wa Ujiji, na diski yake ikaugua. Karibu zote ziliokolewa. Katika simulizi la mzee mmoja, ambaye wakati huo alikwisha kufariki, zilipotea sekunde 47, pale alipokuwa akianza kueleza jinsi mama wa babu yake alivyovushwa ziwa kutoka Manyema. Wajukuu wawili waliitwa. “Mwalimu, jazeni tu,” alisema wa kwanza, “twajua sote babu angesema nini: aliletwa kwa ndoa.” Mdogo wake aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, “Shikamoo zako, kaka, lakini mimi alinambia alinunuliwa.”

Msomaji aonaye jambo hili ni dogo na akumbuke ya kuwa mji ule ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya watumwa na pembe. Tena upo mfano wa karatasi iliyopita Ujiji. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, katika nchi ya Manyema. Karatasi zilimwishia, akaandika shajara yake juu ya gazeti la Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa wino wa matunda ya porini. Humo aliandika habari za mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai. Mwezi wa Oktoba alifika Ujiji, na habari zile akazinakili katika daftari safi, ambalo kwalo kilitengenezwa kitabu cha mwaka 1874, yeye akiwa amekwisha kufa. Wino ulififia, watu wakasoma kitabu. Ilipofika mwaka 2011, wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki, waliokuwa wamezipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, walitoa maandishi ya kwanza. Ikaonekana ya kuwa nakala safi ilikuwa imepunguza habari za mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Kama msomaji mwema angalipita na kalamu nyeusi juu ya wino uliofifia, akikisia herufi, hakuna mwanga ambao ungalitufaa. Pengo lililoachwa wazi huita mtafutaji. Lililozibwa humfukuza, kwa sababu haoni ya kuwa kuna cha kutafuta.

Nitaambiwa ya kuwa masimulizi yetu yameishi kwa kujazwa, kila msimulizi akiongeza mkono wake. Ni kweli, na sioni ubaya, maadamu msimulizi asema kwa kinywa chake. Mjukuu ana haki ya kusimulia ndoa. Hana haki ya kuitia katika kinywa cha marehemu. Wala huruma haibadili hesabu hii, ingawa nakiri ya kuwa neno “alinunuliwa” ni zito kulibeba sebuleni mbele ya wageni.

Katika maandishi ya simulizi lile pameandikwa: “Hapa sekunde 47 hazisomeki.” Katika ukurasa wa mbali yamewekwa maneno ya wajukuu wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. Diski yenyewe imo kabatini, imebandikwa karatasi: “Usiandike juu yake.”