Nyumba kubwa ni ya nani?

Tangu zamani wazee wetu Wayira walimupima mutu kwa namna alivyopokea wageni. Leo, Butembo na Beni, tunapimana kwa etaji: ziko ngapi, manjanja yake ni ya rangi gani, ukuta wa lupango una urefu gani. Hatusemi ni vibaya. Biashara imejenga Butembo kuliko serikali, na mwenyi kujenga anawapa kazi mafundi, wachoma matofali na wabeba muchanga. Lakini swali linabaki: nyumba kubwa ni ya nani? Ni ya mwenyi parsele peke yake, ao na wengine wana neno ndani yake?

Swali hili si letu peke yetu. Kule Ufaransa watu wa ukoo mukubwa walijenga katika mashamba yao nyumba zinazoitwa shato. Moja inajulikana sana: Vaux-le-Vicomte, karibu na Paris. Mwenyeji wake, Nicolas Fouquet, alikuwa musimamizi wa feza za mufalme. Aliwaita watu watatu wenyi akili: Le Vau kwa kujenga, Le Brun kwa kuchora na kupamba, Le Nôtre kwa bustani. Nyumba inazungukwa na maji. Katikati yake kuna sebule ya umbo la yai, na juu yake kuba. Mutu akisimama kwenye mulango wa mbele, macho yake yanapita katikati ya nyumba mpaka mwisho wa bustani. Vyote vilipangwa ili mugeni ashangae.

Na mugeni alishangaa kweli. Tarehe 17 Agosti 1661, Fouquet alifanya karamu kubwa, akamwita mufalme Louis wa 14, kijana wa miaka 22. Tarehe 5 Septemba, mufalme akamufunga. Alishitakiwa kwamba amekula feza za serikali, akafa mufungwa katika mwaka 1680. Wale watatu, mufalme akawachukua kwa kazi yake ya Versailles.

Wengi wanasema kisa hiki kinafundisha: usijenge nyumba kupita ya mukubwa wako. Mimi nasema hilo ni fundisho la woga. Kama uzuri ndio ulikuwa kosa, mufalme asingejenga nyumba kubwa zaidi. Kwa kweli mufalme alikuwa amekwisha kuamua kumuangusha mbele ya karamu, lakini nyumba ilimupa kila mutu nafasi ya kuuliza: "Makuta ya hii yote ilitoka wapi?" Nyumba inasema yale mwenyewe ananyamazia. Kama feza ni safi, ukuta unamushuhudia vizuri. Kama si safi, hata marumaru itamushitaki.

Miaka zaidi ya mia moja kisha, katika Julai 1789, wakulima wa Ufaransa walishambulia shato nyingi. Mara mingi walitafuta kwanza vitabu vilivyoandikwa ndani madeni na kodi zao, wakavichoma. Kwao nyumba ilikuwa kabati la kufungia jasho lao. Sisi wenyewe tuliona ya kwetu: Gbadolite. Mobutu alijenga kule majumba ya marumaru na uwanja wa ndege mukubwa ajabu. Alipokimbia katika Mei 1997, majumba yakaporwa, na pori likaanza kurudi ndani ya vyumba. Juu ya nini hakuna aliyesema: "Tuilinde, njo ya sisi bote"? Juu yake haikukuwa ya wote hata siku moja.

Sasa tuangalie ya kwetu. Kyaghanda haikuwa shato. Ilikuwa nyumba ya miti, udongo na majani, na moto ndani. Lakini pale wanaume wa familia walikula pamoja, palaver ikakatwa, kijana akajifunza neno la wazee, musafiri akaota moto mbele hajaulizwa sana. Ilikuwa na mwenyewe, na ilikuwa ya watu. Tusiipambe kupita kiasi: wanamuke hawakukuwa na sauti moja na wanaume pale, na vijana mara mingi walisikiliza tu. Lakini musingi wake ni huu: heshima ya nyumba iko katika nafasi inayobakia kwa mwingine.

Kuna atakayejibu: "Ile ilikuwa zamani. Leo kuna wezi, kuna vita. Mulango wazi ni kifo." Ana haki. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewapiga watu wa Beni, na hakuna anayeweza kumulaumu baba anayefunga mulango usiku. Lakini vita hiyo hiyo imetuonyesha jambo. Wakimbizi wa Oicha na Eringeti walipofika mjini, wengi walipokelewa na jamaa zenyi vyumba viwili, zikalala watu kumi na zaidi. Karibu nao kulikuwa nyumba kubwa zimefungwa kufuli, mulinzi peke yake ndani. Ukuta unazuia mwizi. Usitumike kumuzuia na ndugu. Wazee wa pwani walisema: mugeni njoo, mwenyeji apone.

Vaux-le-Vicomte bado inasimama leo. Jamaa iliyoirithi iliifungulia watu katika mwaka 1968, na wageni wanaolipa kuiona wanasaidia kuitunza. Hata nyumba iliyojengwa kwa kujionyesha inaweza kupona, kama mwenyewe anakubali kuigawa.

Kwa hiyo, mutu anayechora plani ya nyumba yake ajiulize mambo matatu. Feza hii naweza kueleza mbele ya watoto wangu? Ndani ya vyumba hivi, kiko wapi kile cha mugeni? Na siku nitakapokosekana, majirani watasema "yake" ao "yetu"? Kama majibu ni mazuri, ajenge etaji tatu, ajenge tano. Tutapita mbele ya mulango wake, na tutamusalimia kwa furaha.