Mbao Mpya, Jahazi Lile Lile?

Nikimwambia mama yangu kwamba kuna watu wazima, wenye kazi na watoto, waliokosa usingizi kwa sababu kampuni fulani imebadilisha mchezo wa kompyuta, atacheka kwanza, kisha ataniuliza tasnifu imefikia wapi. Simlaumu. Ukilitazama kwa mbali, jambo hili lina sura ya utoto. Ila mimi nasoma falsafa, na huku tumezoea kuanza na vitu vidogo, meza, kisu, jahazi bovu, tukakuta swali lililojificha humo linatulaza macho. Gemu za zamani zinazoundwa upya zinaniletea swali la namna hiyo. Mtu akichukua kitu ulichokipenda, akakirekebisha, akakirudisha kwa jina lile lile, amekupa nini? Na je, kuna chochote alichokuchukulia?

Kisa ninachokijua vizuri ni cha Warcraft III. Ilitoka mwaka 2002, na nyongeza yake, The Frozen Throne, ikafuata 2003. Ni mchezo wa mkakati: unajenga kambi, unachimba dhahabu, unakata miti, unafunza askari, unaongoza shujaa vitani. Lakini kilichoupa umri mrefu ni kitu kingine. Ndani ya sidii kulikuwa na programu ya kutengenezea ramani, na wachezaji wakaitumia kubuni michezo ambayo kampuni yenyewe, Blizzard, haikuwa imeiwazia. Mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la Eul, alitoa ramani iliyoitwa Defense of the Ancients, yaani DotA. Wengine wakaipokea, wakaifinyanga, wakapokezana kwa miaka, hadi ikazaa aina nzima ya michezo. Dota 2 na League of Legends ni wajukuu wake. Kaka yangu na wenzake waliicheza katika intaneti kafe moja mjini Morogoro, kompyuta zikiwa zimeunganishwa kwa nyaya, wala intaneti yenyewe haikuhitajika. Mimi nilikuwa mdogo wa kutumwa soda. Walipotoka kwenda kula ndipo nilipopata zamu.

Mwaka 2018 Blizzard ilitangaza kwamba itauunda upya. Ikaonyesha jukwaani kipande cha mji wa Stratholme, pale mwana wa mfalme, Arthas, anapoamua kuwaua raia wake kabla maradhi hayajawageuza maiti wanaotembea. Kilikuwa kimechorwa upya, kamera ikizunguka kama ya filamu. Ziliahidiwa zaidi ya saa nne za vipande vilivyotengenezwa hivyo. Tarehe 28 Januari 2020 mchezo ukatoka kwa jina la Warcraft III: Reforged, na ahadi ile haikuwemo. Mfumo wa kupanga wachezaji kwa viwango, uliokuwepo tangu mwanzo, haukuwemo pia. Alama za wachezaji kwenye tovuti ya Metacritic ziliporomoka hadi chini ya 1 kati ya 10, na kampuni ikakubali kuwarudishia fedha waliotaka.

Kama mambo yangeishia hapo, ningeiita biashara mbovu na kuendelea na maisha. Ukinunua embe kwa sifa ukakuta limeoza ndani, unalirudisha. Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo linalonikaa kichwani. Aliyenunua mchezo wa zamani miaka kumi na kitu nyuma, ambaye huo mpya hakuuomba wala hakuulipia, alipotaka kucheza kupitia mtandao wa kampuni alilazimika kupakua programu mpya ya takriban gigabaiti 30. Mchezo wake ulimezwa. (Gigabaiti 30, kwa mtu wa hosteli anayeishi kwa bando la wiki, ni milo ya siku kadhaa.) Na masharti mapya yakaandika kwamba ramani zitakazotengenezwa na wachezaji ni mali ya kampuni peke yake. Aliyeijua historia ya DotA, na jinsi Blizzard na Valve walivyovutana kuhusu jina hilo hadi wakapatana mwaka 2012, hakuhitaji kuelezwa kifungu kile kimetoka wapi.

Sasa jahazi. Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo kuhusu chombo cha shujaa Theseus, kilichotunzwa Athens. Kila ubao ulipooza ulitolewa na kuwekwa mpya, mpaka wenye kupenda mabishano wakauliza: je, hiki bado ni chombo kile? Mwaka 1655 Thomas Hobbes alilikoroga zaidi. Tuseme kuna mtu aliyeokota kila ubao uliotupwa, akauhifadhi, kisha akaziunga mbao zote tena kwa mpangilio wake wa awali. Sasa kuna majahazi mawili bandarini. Lipi ni la Theseus?

Wapenzi wa gemu huulizana swali hili kila mwaka bila kumtaja Hobbes. Wenye sidii zao za zamani na kompyuta kuukuu ndio waokota mbao. Kampuni ndiyo yenye jina, na jina limeandikwa ubavuni mwa jahazi jipya. Lakini nadhani fumbo lile, kwa utamu wake wote, linatupoteza njia, kwa sababu linauliza kipi ni kipi, ilhali maumivu ya watu yako kwingine.

Chukua StarCraft. Ni kazi ya Blizzard hao hao, ya mwaka 1998, na Korea Kusini iligeuka mashindano ya kulipwa, yenye wachezaji wa kuajiriwa na matangazo ya televisheni. Mwaka 2017 ilitolewa StarCraft: Remastered. Picha zote zilichorwa upya kwa ung'avu wa sasa. Chini ya picha hizo, hata hivyo, walikataa kugusa mashine. Katika mchezo wa zamani huwezi kuchagua zaidi ya askari 12 kwa mara moja. Kwa mtu wa leo hiyo ni kero tupu, na kuiondoa ingekuwa kazi nyepesi. Hawakuiondoa. Yale madude ya miguu minne, Dragoon, yanayopotea njia kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni, nayo yaliachwa yapotee vile vile. Ukibonyeza kitufe cha F5 picha zinarudi za 1998 papo hapo, vita vikiendelea, ujionee mwenyewe kwamba chini ni kile kile. Na mchezo wa awali ukatolewa bure.

Kwa nini kulinda kasoro? Kwa sababu kasoro ikikaa muda mrefu, watu hujenga ustadi juu yake. Vidole vya mchezaji wa Seoul vilijifunza kuamuru majeshi makubwa kumi na mawili kwa kumi na mawili, na ugumu huo ndio uliotenganisha bingwa na wengine. Ukiwarahisishia, unawanyang'anya walichokihangaikia. Mchezo, tofauti na picha ya ukutani, unakaa pia katika mikono ya anayeucheza.

Hapo mtu anaweza kuhitimisha kwamba wema ni kutobadilisha kitu. Sikubali, na kinachonizuia ni Final Fantasy VII. Mchezo wa 1997 ulianzia katika mji wa Midgar na kuuacha baada ya saa chache. Mwaka 2020 Square Enix ilitoa sehemu ya kwanza ya toleo jipya, ikachukua Midgar peke yake na kuutanua ukawa mchezo mzima. Mapigano ya kupeana zamu yakawa ya papo kwa papo. Na ndani yake wakaingiza mizuka yenye majoho, ambayo kazi yake ni kuhakikisha hadithi inafuata mkondo uliokwisha pangwa: wahusika wakikaribia kutenda tofauti na 1997, mizuka inatokea na kuwarudisha mstarini. Mwishoni wahusika wanapambana na majaaliwa yenyewe. Wapenzi wengi walielewa kijembe. Mizuka ile ni sisi.

Nilikereka kidogo, nakiri. Lakini sikudhulumiwa. Mchezo wa 1997 uliendelea kuuzwa, na hadi leo unaweza kuucheza na kumwona Aerith akifa pale pale alipofia. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, akaichapisha 1963, kisha akairudia kazi yake na kuitoa upya 1969 kama Juliasi Kaizari. Hakuna aliyepita maktabani kukusanya nakala za Kiingereza. Msimulizi mpya ana ruhusa pana sana, hata ya kukosea, maadamu wa zamani hajafukuzwa barazani.

Kwa hiyo Final Fantasy, iliyopindua hadithi nzima, haikumwibia mtu, na Reforged, ambayo hadithi yake karibu haikuguswa, iliiba. Ndiyo maana nasema swali la utambulisho linatupoteza. Kosa halipimwi kwa idadi ya mbao mpya. Linatokea pale mwenye jina anapokuja usiku bandarini, analiondoa jahazi ulilokuwa ukisafiria, na asubuhi unakuta lingine limefungwa kwenye kamba yako.

Na tabia hiyo haikuanzia wala kuishia hapo. Kwetu San Andreas haihitaji utangulizi; kuna watoto waliojifunza ramani ya Los Santos kabla ya ramani ya Tanzania. Mwaka 2021, Rockstar ilipokaribia kutoa toleo jipya la GTA III, Vice City na San Andreas kwa pamoja, iliyaondoa yale ya zamani kwenye maduka ya mtandaoni. Jipya likaja limejaa hitilafu, mvua ikinyesha kama nyuzi nyeupe zinazoziba macho. Kampuni ikaomba radhi na kuyarudisha ya zamani kwenye duka lake la kompyuta. Desemba 2024, mwezi mmoja baada ya Warcraft ya kwanza na ya pili kutolewa zikiwa zimeng'arishwa, zile za miaka ya tisini ziliondolewa katika duka la GOG kwa ombi la Blizzard. GOG iliahidi kuendelea kuwatunzia waliokwisha kuzinunua. Na utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Ukiyaweka haya pamoja, hofu ya wapenzi inaanza kufanana na hofu ya mtu yeyote ambaye nyaraka zake zinatunzwa na jirani.

Sitaki kuwapaka mafuta wapenzi hao. Mara nyingi wanaogopa kisicho. Diablo III ilipoonyeshwa mwaka 2008, malalamiko makubwa yalikuwa kwamba rangi zake zinang'aa mno, eti hakuna giza la kutosha. Waundaji wakawajibu kwa kuficha ndani ya mchezo eneo zima la upinde wa mvua na farasi wenye pembe. Mchezo ulipotoka 2012, tatizo halikuwa rangi. Ulidai uwe umeunganishwa na intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako, na siku ya kwanza seva zilielemewa, watu wakabaki wakitazama ujumbe wa kosa namba 37. Miaka minne ya kubishana kuhusu upinde wa mvua, na mlango ulikuwa unabadilishwa kitasa.

Linabaki swali gumu zaidi: mpenzi ana dai gani hasa? Kampuni itasema kazi ni yake, na kisheria ni kweli. John Locke alifundisha kwamba mtu akichanganya jasho lake na kitu, anapata haki ndani yake. Robert Nozick akamdhihaki mwaka 1974: nikimwaga kopo langu la juisi ya nyanya baharini, nimeipata bahari au nimepoteza juisi? Watengenezaji wa ramani walimwaga miaka ya juisi. Naona jibu la Nozick linawaangukia wachezaji wa kawaida kama mimi, lakini haliwaangukii akina Eul, kwa sababu bahari ile, bila nyanya zao, watu wangekwisha kuihama mapema.

Halafu kuna sisi wa huku. Nakala nyingi zilizozunguka mitaani kwetu zilikuwa za kuchoma, zimeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Asiyelipa ana sauti gani? Nimelizungusha hili sana na bado naona kwamba dai la kutaka kitu kisifutwe ni tofauti na dai la kukimiliki. Mtu ambaye hakuchangia ujenzi wa msikiti wa kale bado anaweza kusema usibomolewe. Tena, kwa kinyume cha kuchekesha, sidii zile haramu ndizo ambazo leo bado zinafunguka bila kuomba ruhusa kwa seva yoyote.

Mwaka 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa magari wa 2014 uliohitaji intaneti muda wote, na waliounua wakabaki na jina tupu. Ikaanza kampeni ya Stop Killing Games, inayodai jambo ambalo aya zote hizi zimekuwa zikilizunguka: kampuni ikiacha kuuhudumia mchezo, iuache katika hali ya kuchezeka. Katika Umoja wa Ulaya ilivuka sahihi milioni moja mwaka 2025. Kampuni zinajibu kwamba jahazi likiachwa bandarini kuna gharama ya kamba na ulinzi, na hilo si jibu la kupuuza. Nilifungua fomu ile nikaisoma neno kwa neno, mpaka mahali pa kuchagua uraia. Tanzania haikuwemo kwenye orodha.