Kitufe cha Anza Tena

Kijana wa mjengo alianguka kutoka ghorofa ya saba mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya pili alicheka. Mara ya tatu alinyoosha mikono kama ndege, akaruka mwenyewe, na wenzake waliokuwa wakimtazama kwenye skrini wakampigia makofi.

Ghorofa hiyo nimeitengeneza mimi. Ndiyo kazi yangu. Unavaa miwani ya uhalisia pepe, na chumba chenye meza na kabati kinageuka kuwa jukwaa la mbao linalotikisika juu ya jiji. Ukisahau kufunga mkanda wa usalama, ukikanyaga ubao uliolegea, unaanguka. Chini hakuna damu. Kuna maandishi ya kijani tu: Anza tena.

Siku hiyo kila mtu alifurahi, mkandarasi kuliko wote. Mimi nilipanda matatu nikirudi nyumbani nikimfikiria binamu yangu, ambaye alianguka mara moja tu, ghorofa ya nne. Alipona, kama kutembea na mkongojo ukiwa na miaka 26 ni kupona. Swali likaniganda: ni haki kumfundisha mtu hatari kwa kumwondolea hatari?

Jibu la haraka ni ndiyo, na lina historia nzuri. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye babake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitumia mitambo ya hewa ya vinanda hivyo kuunda ndege ya kujifunzia ambayo haitoki sakafuni. Wengi waliiona kama kitu cha kuchezea watoto, na kweli kadhaa ziliishia kwenye bustani za burudani. Kisha mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani ambao hawakuzoea kuruka bila kuona nje walianza kufa katika hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi likanunua mashine za Link. Tangu hapo, marubani wengi wamekosea sakafuni ili wasikosee angani. Kwa hivyo mimi si yule msee wa kulia kwamba teknolojia imeharibu dunia.

Kilichonichanganya ni kazi ya pili. Tulikuwa tunaandaa ziara ya kidijitali ya Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Mimi nilipewa sehemu ya mazingira ya vita: Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani, Wareno na wenyeji waliokuwa upande wao, wengi walimalizwa na njaa na maradhi. Nikaona huu ndio moyo wa hadithi. Nikaufanya uchezeke. Unagawa nafaka, unalinda ukuta, afya yako inapungua pembeni mwa skrini.

Nilimpa mzee mmoja anayetembeza wageni pale ajaribu. Alikufa njaa baada ya dakika nne.

"Sasa?" akaniuliza, miwani ikiwa bado usoni.

"Sasa unaanza tena, Mzee."

Akaivua taratibu. "Mwanangu, wale hawakuanza tena. Mimi nikifika hapa na wageni hunyamaza kidogo, kisha huwaambia. Sijawahi kuwaambia wajifanye wao."

Nilibishana naye kichwani, kwenye treni, hadi Voi. Mbona waigizaji hufa jukwaani kila wikendi na hakuna anayelalamika? Lakini ukienda kuona mchezo wa kuigiza, huna kitufe. Maiti ikilala pale, unakaa nayo mpaka taa ziwake. Kitufe kinasema jambo lingine: gharama imerudishwa, hakuna aliyepoteza kitu. Kijana wa mjengo anajaribu kifo ambacho kinaweza kuwa chake, na kukirudisha ndiyo maana yote ya zoezi. Vifo vya ngomeni si vyangu kurudisha. Nikafuta mchezo wote. Pale sasa kuna chumba chenye giza, sauti ya yule mzee, na ukimya. Sauti yake tumekubaliana alipwe kila ziara inapouzwa, si mara moja.

Nikadhani nimemaliza: kitufe kinafaa mjengoni, hakifai ngomeni. Kisha nikarudi mjengoni kurekebisha programu. Nilihesabu watu 20 juu. Mikanda ilikuwa sita.

Nilimuuliza msimamizi. Akanionyesha faili la karatasi zenye sahihi. "Si hawa wote wamefunzwa? Mtu akianguka saa hii, hiyo ni juu yake."

Binamu yangu naye aliambiwa hivyo hivyo akiwa kitandani: ulijua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamdai mwajiri afunze watu, lakini pia inamdai ahakikishe mahali penyewe ni salama. La kwanza halifuti la pili. Mimi nilikuwa nimeuza la kwanza kwa mtu aliyelitaka ili alikwepe la pili. Hatari niliyoiondoa chumbani haikupotea. Ilihamishwa, ikawekwa mgongoni mwa yule kijana pamoja na sahihi yake.

Basi jibu langu leo ni hili: ni haki kumwondolea mtu hatari darasani, mradi anayemfundisha hatumii darasa hilo kumwachia hatari yote nje.

Nimebadilisha programu. Siku hizi haianzi kwenye jukwaa, inaanza stoo. Unafungua kabati, na ndani kuna mikanda ile ile iliyo kwenye mjengo wako kweli, idadi ile ile. Ukikosa wako, jibu sahihi ni kutopanda. Ukipanda na kuanguka, hakuna maandishi ya kijani. Kunakuwa giza kwa dakika nzima.

"Kwani unawafunza kugoma?" mkandarasi aliniuliza. Awamu ya pili ya malipo hajatuma, na kodi yangu ni tarehe tano. Huenda akatafuta mtu mwingine wa kumtengenezea ghorofa yenye kitufe, na atampata haraka.

Lakini kabla hatujafukuzwa, yule kijana aliyeruka kama ndege alijaribu toleo jipya. Alifungua kabati, akakuta tupu, akasimama hapo kitambo. Kisha akavua miwani na kumgeukia msimamizi, si mimi.

"Boss, na wangu uko wapi?"