Twendeni Mnarani Tukatimize Haki ya Kasa



Ndugu zangu wa Amani, Unguja, tunaijua habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyeelemewa na kiu, Allah akamsamehe dhambi zake. Tunaijua pia ya mwanamke aliyemfungia paka: hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia motoni. Mtume wetu (S.A.W.) hakutusimulia haya ili tuburudike. Alitufundisha kwamba kiumbe asiyeweza kusema ana haki juu yetu, na haki hiyo tutaulizwa.

Basi nauliza: kasa wa Unguja haki yake iko wapi?

Kasa anaishi baharini, lakini anavuta pumzi kama mimi na wewe. Akinaswa kwenye jarife asiweze kupanda juu, anakufa maji. Huchukua miaka 20 na zaidi kufikia umri wa kutaga. Na akipanda ufukweni kutaga, anakuta taa kali, ukuta wa hoteli, na mtu anayemvizia afukue mayai.

Watu wa Nungwi waliliona hilo. Mwaka 1993 walianza kuwahifadhi kasa Mnarani, katika bwawa la asili linalopokea maji ya bahari. Kasa walionaswa nyavuni hupelekwa pale wakiwa hai badala ya kuchinjwa. Majeruhi huuguzwa. Watoto wa kasa hulelewa, kisha hurudishwa baharini. Na kazi yote hiyo inategemea kiingilio cha wanaozuru.

Wanaozuru ni nani? Mtu anavuka mabara kutoka Italia na Ujerumani kuja kuwaona kasa wetu, na mtoto wa Amani anamaliza skuli bila kufika Nungwi, palipo kisiwani kwake! Amana tuliyopewa sisi tumewaachia wageni waitunze kwa fedha zao. Hatuoni haya?

Atasimama mtu aseme: maisha ni magumu, na kasa ni kitoweo. Ndugu yangu, Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, ilizika watoto 8 na mtu mzima 1 waliokula nyama ya kasa. Mwaka 2021 watu 7 walikufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu inayoweza kuwamo katika nyama hiyo haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauiondoi. Allah awarehemu. Anayemrudisha kasa baharini amemlinda kiumbe, na amemlinda jirani yake asile mauti.

Kwa hiyo twendeni. Enyi wazazi, wekeni akiba kidogo kidogo, muwapeleke watoto. Walimu wa skuli na wa madrasa, kodini gari, muwafundishe pale pale ukingoni mwa bwawa. Lipeni kiingilio kwa moyo mkunjufu. Mkifika, msimshike kasa, msimnyanyue ili mpige picha, msimpe chakula msichoruhusiwa na walezi wake. Ulizeni wanarudishwa lini baharini, kwani makazi yao ni huko. Nawe mvuvi, ukimkuta hai wavuni mwako, mkatie kamba aende. Akiwa ameumia, wapelekee wanaojua kumtibu.

Usingoje mwakani. Panga safari mwezi huu, chukua mtoto wako na wa jirani, uende Nungwi. Allah atujaalie tuwe wenye huruma kwa viumbe Wake. Amin.