Je, kumkalisha mzazi ni kumtendea wema?

Kila mwaka nafundisha mada ya haki za wazazi na wanafunzi wangu huijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini suala hili limenikuta nyumbani, na sikuwa na jibu.

Mama yetu ana kisukari na magoti yanamuuma. Sisi watoto tulikubaliana asiguse kazi yoyote. Tukamletea msichana wa kazi, tukamnunulia kochi, na kila alipoinuka tukamwambia, "Kaa mama, umeshatutumikia vya kutosha." Baada ya mwaka mmoja hakuweza tena kuinuka kwenye mswala bila kushikwa, akawa anasali kwenye kiti. Sukari nayo haikushuka, pamoja na dawa zote.

Hospitalini tukaelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Hakuanza na goti. Aliuliza mama anafanya nini kutwa nzima. Kisha akatueleza kwamba msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haifanyi kazi yake sawasawa, na kwamba goti hutegemea misuli ya paja, ambayo ikikaa bure hunyong'onyea. Akampa kipimo: kuinuka kitini mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, na kutembea dakika 10 baada ya kula. Avae viatu vya kufunika vidole, miguu ikaguliwe kila siku, na kifua kikibana aache mara moja.

Kaka yangu alikasirika. Mama aliyetubeba, leo tumsimamie akiguna kwa maumivu? Hoja yake si ya kubeza, kwani wapo wanaomsukuma mgonjwa kama kuruta kambini, na ndiyo maana kipimo cha mtaalamu kina umuhimu. Lakini kukaa nako kuna madhara yake. Mwaka 1953 Dk. Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London: dereva aliyeshinda kwenye usukani aliugua moyo zaidi kuliko konda aliyepanda na kushuka ngazi. Basi tujiulize, tulipomkalisha mama tulikuwa tunamhurumia yeye, au tunajihurumia sisi tusione akihangaika? Kwa upande wangu nakiri lilikuwa hilo la pili. Na majirani walikuwa wanatusifu!

Lipo kosa kubwa zaidi. Hakuna aliyemuuliza mama. Kaka aliamua akae, mimi nikaamua atembee. Yule mtaalamu alipomuuliza anataka nini, mama hakutaja sukari wala maumivu. Alisema anataka kusujudu.

Huu ni mwezi wa nne. Alhamdulillah, sasa anainuka mara 12, ingawa sijida bado. Jana jioni aliniambia, "Leo niache mwanangu, nimechoka." Nikabaki nimesimama mlangoni na viatu vyake mkononi, nisijue kama kumtii ni kumwacha apumzike, au ni kumkumbusha alichokitaka mwenyewe.