Nikasome Nini, Sheikh?



Ilikuwa mwezi wa Julai, siku chache baada ya Baraza la Mitihani kutangaza matokeo ya kidato cha sita, nami nilikuwa nimekwenda kuwazuru ndugu zetu wa Kibiti. Baada ya Sala ya Alasiri kijana mmoja alinijia, akanisalimu kwa adabu, akaketi. Alikuwa ametoka kwa mashua katika kijiji kimoja cha ndani ya delta ya Rufiji mpaka Nyamisati, na kutoka Nyamisati akapanda pikipiki, ili aniulize swali moja tu.

"Sheikh," alisema, "nimefaulu Kemia, Biolojia na Jiografia. Mlango wa kuomba chuo umefunguliwa na siku zahesabika. Baba ataka nikasome sheria. Mjomba wangu aliyeko Dar es Salaam asema uhasibu, kwani ndiko kwenye kazi. Moyo wangu mwenyewe wataka elimu ya bahari na samaki. Na mzee mmoja wa kwetu ameniambia kwamba elimu ya chuo kikuu ni ya dunia tu, na aendaye huko humwacha Mungu wake gatini. Basi nikasome nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza jambo lililokuwa zito kuliko yote. Yeye ameingia katika Jumuiya yetu miaka miwili iliyopita, hali baba yake hajaipokea. "Nikimkatalia baba, atasema Uahmadiyya ndio ulionifundisha ukaidi. Nikimkubalia, nitasoma miaka minne kitu nisichokipenda."

Ndugu zangu, swali hili si la kijana mmoja. Kila mwaka maelfu ya vijana wetu husimama penye njia panda hiyo hiyo. Kwa hiyo niliyomweleza kijana yule nimeona niyaandike hapa, huenda yakamfaa na mwingine.

Kwanza, yatupasa kuondoa kosa la yule mzee. Islam haijui elimu ya Mungu upande huu na elimu ya dunia upande ule, kana kwamba dunia imeumbwa na mwingine. Katika Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu alimfundisha Mtume Wake Mtukufu s.a.w. aombe azidishiwe elimu. Na kama yeye, mbora wa viumbe, aliagizwa aombe ziada, nani kati yetu awezaye kusema imemtosha? Tena Kurani yatutaka tutazame kuumbwa kwa mbingu na ardhi, kupishana kwa usiku na mchana, na vyombo vipitavyo baharini na vitu viwafaavyo watu, ikisema kuwa katika hayo mna Ishara kwa wenye akili.

Nilimwuliza kijana: "Wewe ni mtu wa delta. Je, hujapata kusoma kwamba Mwenyezi Mungu ameyakutanisha maji mawili, haya matamu na haya ya chumvi, na baina yao ameweka kizuizi?" Akatabasamu, kwani jambo hilo ameliona tangu utoto wake. Bamvua likija, maji ya chumvi hupanda mitoni yakatisha mashamba ya mpunga. Mvua za bara zikishuka, mto huyasukuma yakarudi. Na katikati ya maji hayo mawili yamesimama mikoko, misinzi, mikandaa na michu, miti ambayo Mungu ameipa uwezo wa kuishi penye chumvi iuayo miti mingine. Kamba hutagwa baharini. Wangali wadogo mno huingia katika vijito vya mikoko, wakalelewa humo, kisha wakubwa hurudi baharini. Nani aliyewafundisha njia? Mtu akienda Chuo Kikuu akajifunza mambo haya kwa macho ya imani, hakika asoma kitabu cha pili cha Mola wake. Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s., alitufundisha kwamba Neno la Mungu na kazi ya Mungu haziwezi kupingana, maadam vyote viwili vimetoka kwa Mmoja.

Tena mnamo mwaka 1906 Seyidna Ahmad a.s. alitangaza, kwa habari aliyopewa na Mwenyezi Mungu, kwamba wafuasi wake watafikia ukamilifu katika elimu na maarifa. Wakati huo Jumuiya ilikuwa ndogo, na Qadian kilikuwa kijiji kisicho na reli. Lakini tazameni yaliyotokea. Katika mji mdogo wa Jhang, huko Punjab, alilelewa mtoto aliyeitwa Abdus Salam. Baba yake, mtumishi wa idara ya elimu, alitamani mwanawe aingie katika utumishi mkuu wa serikali ya India. Vita vikasimamisha mitihani ya utumishi huo. Ukatokea msaada wa masomo kwa wana wa wakulima wadogo, naye mwaka 1946 akaenda Cambridge. Njia ambayo baba aliitazamia ilifungwa, na njia ambayo hakuna aliyeidhania ikafunguliwa. Mwaka 1964 Profesa Abdus Salam alianzisha mjini Trieste, Italia, kituo cha elimu ya fizikia kwa ajili ya wataalamu wa nchi maskini. Na mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Siku ya karamu ya tuzo alisimama mbele ya mfalme wa Sweden akasoma aya za Kurani zimwambiazo mtu arudishe macho yake aone kama kuna kasoro katika uumbaji wa Mwingi wa rehema. Je, mtu huyu alimwacha Mungu wake gatini?

Wala tusiende mbali. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikwenda Rabwah kusoma dini miaka ya 1954 hadi 1956. Naye ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, naye akafariki mwaka 1964. Dini haikumzuia kuitumikia nchi, wala nchi haikumtoa katika dini.

Basi, kama kila elimu yenye manufaa ni ibada kwa mwenye nia njema, kijana achague vipi? Hapa nataraji msomaji azingatie mambo manne.

Jambo la kwanza ni nia. Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kwamba vitendo hupimwa kwa nia. Wawili waweza kukaa benchi moja la darasa moja, mmoja akitafuta cheo cha kuwatishia watu wa kwao, na mwingine akitafuta njia ya kuwasaidia. Karatasi ya mtihani itawapa alama sawa, lakini mbele ya Mungu hawatakuwa sawa.

Jambo la pili ni kipaji. Imepokewa katika Hadithi kwamba kila mtu husahilishiwa lile aliloumbiwa. Ajitazame kijana: ni somo gani alilolisoma bila kusukumwa? Achaguaye kozi kwa jina lake tu, kwa kuwa ikitajwa watu husema "aah!", amejitwika mzigo wa mtu mwingine. Kadhalika asipuuze kusoma kwa makini mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, kwani kila kozi ina masomo yake ya lazima, na wengi hukataliwa si kwa kukosa akili bali kwa kutosoma sharti lililoandikwa. Kumtegemea Mungu na kuacha kumfunga ngamia si mwendo aliotufundisha Mtume s.a.w.

Jambo la tatu ni haja ya watu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, kwa sababu nchi iliyokuwa ikipokea uhuru ilikuwa na upungufu mkubwa wa wanasheria wenyeji. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Haja ya siku ile ndiyo iliyotangulia. Na haja ya delta leo ni ipi? Kuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika Tanzania, nao wakatwa. Kuna bwawa la Julius Nyerere huko juu, litakiwalo kutoa megawati 2,115 za umeme, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Na watu wa chini ya mto wahitaji wajuzi wa kuwaeleza mto wao utaendaje sasa. Kuna mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Mahali kama hapo pana kazi kwa mjuzi wa samaki, na kwa tabibu, na kwa mhandisi, na kwa mwalimu. Naam, na kwa mwanasheria pia. Mjomba mhasibu naye asidharauliwe: chama cha wavuvi kisicho na hesabu safi hakidumu.

Jambo la nne ni shauri na maombi. Kijana awaulize wajuao kazi yenyewe, si wapiga soga wa barazani. Kisha aswali Istikhara: rakaa mbili, na baada yake amwombe Mwenyezi Mungu kwa elimu Yake amchagulie lililo na heri kwa dini yake na maisha yake, na amwepushe na lenye shari. Ndugu zetu wapya hudhani kwamba baada ya Istikhara ni lazima mtu aote ndoto. Si lazima. Mara nyingi jibu huja kwa moyo kutulia upande mmoja, au kwa mlango mmoja kufungwa na mwingine kufunguliwa. Akishaazimia, amtegemee Mola wake, asirudi nyuma kila asubuhi kuuliza tena.

Sasa nageukia lile lililokuwa zito: baba asiye Mwahmadiyya. Kurani Tukufu yatuambia kwamba hata wazazi wakimshikilia mtoto amshirikishe Mungu, asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Ikiwa wema haukuondolewa hata hapo, sembuse katika kuchagua kozi! Seyidna Ahmad a.s. mwenyewe alipokuwa kijana, moyo wake ulikuwa katika Kurani na sala, lakini kwa kumtii baba yake alikwenda Sialkot, akafanya kazi ya ofisini tangu mwaka 1864 hata 1868. Hakupenda kazi ile, wala haikumharibia imani. Mwenye kutumwa na Mungu hakuona aibu kumtii baba. Sisi ni nani tuone aibu?

Lakini kumtii mzazi si kunyamaza mbele yake. Nilimwuliza kijana: "Je, umewahi kumwuliza baba kwa nini ataka sheria?" Akasema hapana, walikuwa wameshindana tu. Nikamwuliza kama kuna jambo limempata baba. Akafikiri kitambo, kisha akakumbuka kwamba yeye alipokuwa mtoto, baba alitia dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma, na shamba lake la mpunga likaenda. Tukatazamana. Baba hakuwa akitaka cheo. Alikuwa akitaka nyumba yake isidhulumiwe tena.

"Rudi," nilimwambia, "ukae chini ya baba yako, umwulize habari ya shamba lile mpaka amalize. Halafu umweleze yako. Usimwambie umeamua, mwombe shauri." Nikamkumbusha pia kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni, na hulipwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ni kweli tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani iliondolewa mwaka 2021, lakini deni lenyewe ni amana shingoni mwa Mwislamu mpaka alilipe. Nikamwusia kwamba katika jiji la watu zaidi ya milioni tano hakuna atakayemwamsha Alfajiri. Basi siku ya kwanza, kabla ya kutafuta duka la chakula, autafute msikiti na wenzake wa Jumuiya.

Siku kumi baadaye alinipigia simu. Alisema baba alisimulia habari za shamba mpaka usiku mkuu, na alipomaliza alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Andika ya kwako juu, na ya kwangu uiandike chini yake. Mungu ndiye afunguaye." Halafu akamwuliza, "Nani aliyekufundisha kuja kuniuliza badala ya kuja kuniambia?" Kijana akamjibu kwamba ni Jumuiya yake. Baba hakusema neno, akaenda kulala.

Sijui ni mlango upi utakaofunguliwa, wala si juu yangu kujua. Lakini ninyi mlio katika kutafuta ukweli wa Jumuiya hii, nawaombeni mpime mafundisho yake kwa matunda kama hayo: je, yamtenga mtoto na baba yake, au yamrudisha chini yake kwa adabu? Na ninyi wazazi, yote niliyosema juu ya wana nayasema juu ya mabinti pia, kwani Mtume s.a.w. hakumtoa mwanamke katika wajibu wa kutafuta elimu. Msimfungie binti mlango ambao Mungu hakuufunga.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu kwenye elimu yenye manufaa, awalinde wawapo mbali na makwao, na awarudishe kwa watu wao wakiwa na nuru mikononi. Amin.