Jasho la mtoto na baisikeli ya kompani



Mwisho wa mwaka wa masomo uliopita tulialikwa kwenye shule moja ya msingi, karibu na mugodi wa shaba na kobalti, siku ya kutangaza pointi. Kompani ya pale ilikuwa imejenga kalasi 6 za mabati mapya, na alama yake imepakwa ukutani, kubwa kuliko jina la shule. Siku ile ilileta baisikeli 3 kwa wanafunzi 3 wa kwanza. Watoto wote walivaa kofia za kompani, wakaimba wimbo wa kushukuru ambao walikuwa wamefundishwa juma 2 nzima, katika saa za hesabu. Wazazi walipiga mikono. Sisi pia tulipiga mikono.

Jioni mwalimu wa kalasi ya 6, mtu tunayesali naye, alikuja kwetu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: «Shemasi, leo nimeaibisha mtoto mmoja mbele ya watu, na sikumwambia hata neno moja baya.»

Alikuwa anasema juu ya kijana wa miaka 13, yatima wa baba. Kabla ya kengele ya asubuhi kijana yule anaenda na mama yake mtoni kuosha madini ya wale tunaowaita kreseri. Anafika kalasini na matope miguuni, mara nyingine amechelewa, mara nyingine anasinzia. Mwanzo wa mwaka alipata 31 kwa 100. Mwisho alipata 54. Yule aliyepewa baisikeli ya kwanza alipata 83. Ni mtoto wa mukubwa mmoja wa kazi katika kompani. Kwao kuna umeme, kuna meza, kuna mtu wa kumrudilia masomo kila jioni. Mwanzo wa mwaka alikuwa na 82. Mwalimu akatuuliza: «Katika hawa wawili, nani amefanya bidii? Leo tumelipa nini, bidii ao meza?»

Tulimjibu upesi, pengine upesi sana. Tulisema pointi ni pointi. Mtihani wa Serikali hauulizi kama ulilala vizuri ao ulikula. Muganga akikosea dawa, mugonjwa hatapona kwa sababu muganga alisoma kwa taabu. Na yule mtoto wa 83, tusimzarau. Meza haiandiki yenyewe.

Mwalimu alikubali yote. Alisema hajaongeza hata pointi moja kwa huruma, kwa maana kumwongezea mtoto pointi ni kumdanganya, na siku ya mtihani uongo ule utamwangukia mtoto mwenyewe. Kile anachokataa ni neno moja tu. Kwenye karatasi ya sherehe kompani iliandika «Zawadi ya Bidii». Kama wangeandika «Zawadi ya Pointi», yeye angenyamaza, kwa sababu kila mtoto angejua kitu gani kimepimwa. Lakini mtoto aliyetoka 31 mpaka 54, akiambiwa mbele ya mama yake kwamba bidii iko kwa wengine, atafikiri nini juu ya zile asubuhi zake zote? Hapo tulikosa jibu. Sisi tunaomkumbuka kila mwaka yule mjane na senti zake mbili, tulikosa jibu.

Tuseme sasa juu ya kompani, kwa sababu wengi watasema: kama si wao, kalasi zingejengwa na nani? Ni kweli. Na si jambo jipya katika Katanga. Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, ilipoona kwamba inafaa wafanyakazi wake wakae na wake zao na watoto kambini, ilitia shule humo pia, mikononi mwa wamisionari. Ilitaka watoto wale wapate kuwa wafanyakazi wake wa kesho. Gécamines iliyokuja nyuma iliendelea na shule zile, na nani wa rika letu hakuwaonea wivu watoto wa Gécamines? Lakini ile kompani iliyotoa toni zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa chini ya 50,000 mwaka 1994. Walimu wakakaa miezi mingi bila mushahara. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoshwa kwa ile «kuacha kazi kwa hiari», na tunajua ilikuwa hiari ya namna gani. Watoto wao wakafukuzwa kalasini kwa kukosa feza ya masomo. Ukuta mmoja uliegemewa na nyumba nzima.

Na leo kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inaagiza kila kompani inayochimba itoe angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Basi kalasi zikijengwa kwa feza ile, ni deni limelipwa. Anayelipa deni tunamwambia asante, ndiyo, ni adabu yetu. Lakini hatuwaondoi watoto katika hesabu juma 2 kwa ajili ya kumwimbia.

Sisi wa makanisa tusicheke sana hapa. Tangu mapatano ya mwaka 1977 makanisa yanaongoza shule nyingi za Serikali, na jina letu pia liko ukutani, na nyimbo zetu pia zinafundishwa. Mwalimu alitukumbusha hilo bila tumemwuliza.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa wimbo. Katika kalasi ya 6 kuna somo juu ya maji, na kila mwaka alikuwa anapeleka watoto mtoni waangalie, waandike rangi, harufu, samaki. Mwaka huu direkta alimwomba kwa upole aache, afundishe na picha tu, kwa sababu wafazili wanaweza kuelewa vibaya. Hakuna mtu wa kompani aliyekataza. Direkta alijikataza mwenyewe. Na yule kijana wa 54, anayesimama katika maji yale kila asubuhi, ndiye angeweza kueleza somo lile kuliko wote.

Tulimwuliza mwalimu atafanya nini. Alitoa daftari dogo. Humo, mbali na pointi, anaandika kila mtoto alitoka wapi na amefika wapi, siku alizokuja, maulizo aliyouliza. Direkta hajui daftari lile. Mwalimu amekwisha kumwonyesha mama wa kijana ukurasa wa mtoto wake. Mama hajui kusoma, akaomba asomewe mara mbili.

Aliomba kitu kimoja kwetu: kijana huyu asomee jioni katika chumba chetu cha mikutano, penye taa. Baraza la wazee limekubali, kwa yeye na kwa wengine 8, siku 4 kwa juma. Mafuta ya jenereta yanakosekana. Kila mwenye kuweza amwone shemasi kiisha ibada ya siku ya kwanza; na mwenye meza ya zamani nyumbani, asiipasue kuni.